Niliiambia Mashine Iseme Sawa

Jumatatu, 2 Juni

Daktari wa kifua kapiga simu ofisini kwetu saa tatu asubuhi. Hakusalimia. Anataka picha ya mzee mmoja, seremala, aliyepigwa eksirei tarehe 20 Februari. Jina lipo kwenye orodha. Tarehe ipo. Ukifungua — mabega yanaonekana vizuri, mbavu za juu zinaonekana, halafu kuanzia katikati kushuka chini ni kijivu kitupu. Kama ukuta uliopakwa rangi nusu, fundi akaenda zake.

Mkuu wa kitengo akanitazama. Nikasema nitaitafuta.

Nimeitafuta kutwa nzima. Yaani nimejifanya kuitafuta. Saa tatu na dakika tano nilishajua iko wapi. Haipo popote.

Leo sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 3 Juni

Naandika, maana kichwani hapakaliki.

Kazi yangu ni ghala. Tunaliita ghala, lakini ni kabati la chuma ghorofa ya chini, limejaa diski, chumba chake kina baridi mpaka nimetundika sweta pale mlangoni. Picha zote za hospitali zinalala humo. Mashine ya eksirei inazituma kwa mtandao, vipande vipande, kila kipande na namba yake. Ghala linatakiwa kujibu kila namba: sawa. Au: subiri, nimezidiwa. Au: kosa, na kosa lenyewe ni hili. Mtandao ukikatika katikati, aliyetuma hajui — kipande ndicho kilichopotea, au kilifika salama na jibu ndilo lililopotea njiani? Kwa hiyo utaratibu ni kuunga upya, kuuliza "namba ya mwisho uliyoipokea ni ipi?", kisha kurudia zilizobaki. Utaratibu wa kistaarabu kabisa. Ila unachukua dakika nzima, na dakika hiyo skrini ya chumba cha eksirei inaganda.

Februari mtandao ulikuwa unakatika mara tatu kwa siku. Foleni mpaka nje. Madaktari wanamjia juu Mkuu, Mkuu ananishukia mimi. Nakumbuka alikuwa anachomoa chaja yake ukutani, hata hakugeuka. Sitaki kusikia tena skrini imeganda, akasema. Fanya unavyojua.

Nikafanya ninavyojua. Kuna programu inayokaa kati ya mashine na ghala, niliiandika mwenyewe. Nikaongeza mistari miwili. Jibu lisipofika ndani ya sekunde tano, iambie mashine: sawa. Pembeni nikajiandikia: "ya muda tu, nirudi wiki ijayo."

Skrini hazikuganda tena. Kwenye kikao cha mwezi Mkuu alinisimamisha, nikapigiwa makofi.

Wiki ijayo haikufika. Nilikuwa na mengine. Halafu — niseme ukweli, humu si nipo peke yangu? — sikusahau. Kila nilipokumbuka nilijiambia mtandao siku hizi ni mzuri.

Jumatano, 4 Juni

Nimehesabu. Ghala lina kumbukumbu zake, na zenyewe hazikudanganywa na mtu. Picha sitini na nne tangu Februari hazikuingia zote.

Mashine ya eksirei nayo ina diski yake ndogo. Inatunza picha siku tisini, kisha kila alfajiri inafuta za siku moja, zile za zamani zaidi. Lakini inafuta zilizoambiwa sawa tu. Ambayo haijajibiwa haiifuti hata iweje, inaing'ang'ania mpaka mtu aje. Ndivyo ilivyotengenezwa, na waliotengeneza walikuwa na akili. Ile "sawa" yangu ndiyo iliyoilegeza mikono.

Ishirini na moja zimeshafutwa. Ya seremala imo. Arobaini na tatu bado zipo.

Na leo Mkuu ameshampata mkosaji. Mama Picha.

Kila mtu anamwita hivyo, hata mkurugenzi. Ana miaka ishirini na sita kwenye chumba cha eksirei, amebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa astaafu. Alipanda kwetu na koti lake jeupe, akapewa kiti, hakukaa. Anasema alibonyeza "tuma", skrini ikamwandikia imehifadhiwa, kwa rangi ya kijani, aliiona kwa macho yake. Mkuu akamwambia labda ulizima kabla haijamaliza. Akasema sikuzima. Labda ulisahau, mama, umri nao. Aliyasema kwa upole, hilo ndilo baya lake.

Mimi nilikuwa mezani kwangu naandika. Nilikuwa naandika herufi ovyo ovyo, vidole tu vionekane vina kazi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimezirudisha.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, na funguo zangu, nikaingia chumba cha eksirei kabla hajaja mtu. Kwanza nilifuta ile mistari miwili. Kisha nikaketi kwenye mashine, nikatafuta moja moja na kuzituma upya. Nilingojea jibu la kila moja. Mara mbili mtandao ulikatika — skrini ikaganda dakika nzima, ikaunga, ikauliza, ikarudia, ikaendelea. Nilikuwa naitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa akipumua.

Arobaini zimeingia. Jumatano zilikuwa arobaini na tatu. Tatu zimefutwa alfajiri ya jana na ya leo. Jumatano ile ile usiku ningeweza kuja. Sikuja, niliogopa kuonekana. Za mwanzo naweza kusema ni za mistari miwili. Hizi tatu ni za woga wangu.

Saa moja Mama Picha akaingia, akanikuta nafuta vumbi kwenye kebo. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umedamka. Akanipa nusu ya mkate wake. Nikala. 

Jumapili, 8 Juni

Mume wangu anatengeneza friji ya jirani pale uani, binti yetu anamshikia bisibisi. Mume ananiuliza mbona niko kama mtu aliyemeza kijiko. Nimemwambia kazi nyingi.

Nilipokuwa na mimba ya huyu binti nilitumwa kuvuta kebo chumba cha eksirei. Mama Picha alinizuia mlangoni, mikono kiunoni. Akasema mpaka uzae huingii humu, kebo nitavuta mwenyewe, niambie rangi gani inakwenda wapi. Na kweli alivuta, kwa magoti, mimi niko koridoni nampigia kelele: ya bluu, mama, si hiyo, ya bluu.

Najiambia limekwisha. Arobaini zimerudi. Wataona zipo, watanyamaza.

Jumatatu, 9 Juni

Hawakunyamaza.

Mkuu aliniita, ana furaha ya mtu aliyepata funguo zilizopotea. Njoo uone, akasema. Picha arobaini zimeibuka zenyewe. Zimetumwa Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili na robo asubuhi, kutoka mashine ya eksirei. Na mashine ile huwa imefunguliwa kwa jina la nani?

La Mama Picha. Ni jina moja tu chumba kizima, miaka yote, kila anayeketi pale anatumia hilo hilo. Mimi mwenyewe nilishasema tubadilishe. Ijumaa nilikaa na kufanya kazi, wala sikufikiria liko jina la nani pale juu.

Mkuu anasema: kwa hiyo alikuwa nazo muda wote. Hakuzituma. Alipoona anachunguzwa akadamka kuzipeleka kimya kimya. Huo si uzee tena, huo ni udanganyifu.

Nikasema labda kuna maelezo mengine. Akauliza yapi. Nikasema sijui.

Sijui. Nimelitamka.

Saa nane mchana Mama Picha alipewa barua, akae nyumbani mpaka kamati ikutane Alhamisi. Alipita koridoni na mkoba wake na kile kimto chake cha kukalia. Watu wakawa wanasoma mabango ya ukutani.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Mkuu kumwambia. Nimefunga mlango nyuma yangu. Amesema ndiyo? Nikamwomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno.

Meno yangu hayana tatizo lolote.

Jumatano, 11 Juni

Nimesikia habari za seremala kwenye foleni ya chai. Wauguzi wawili wa wodi ya wanaume, mbele yangu.

Kwenye picha ya sasa daktari wa kifua aliona doa kwenye pafu. Kama doa hilo lilikuwepo Februari na halijakua, wangesubiri, wangemwangalia taratibu. Lakini ya Februari haipo. Hakuna cha kulinganisha nacho. Kwa hiyo jana walimchoma sindano ndefu kutoa kinyama cha kupima. Pafu likatoboka, hewa ikavuja pembeni, sasa kalazwa na mpira ubavuni. Muuguzi mmoja anasema mzee analia usiku lakini hataki mkewe ajue.

Nilipanda wodini. Sikuwa na shughuli huko. Nilisimama mlangoni nikamwona — mtu mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili. Alidhani nimekuja kutengeneza taa iliyokuwa inapepesa juu ya kitanda chake. Akasema, hiyo hapo, binti yangu, inanisumbua macho. Nikapanda kiti nikaikaza. Akanishukuru. Akanishukuru mara mbili.

Alhamisi, 12 Juni

Kamati. Watu watano na jagi la maji. Mwenyekiti ni muuguzi mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Mama Picha alikaa mwisho wa meza, amevaa nguo za kutokea, kitambaa kimefungwa vizuri. Mkuu akaeleza mambo yake, na karatasi. Halafu nikaitwa mimi, kama mtaalamu.

Mwenyekiti akasema: "Fundi, tusaidie sisi tusiojua kompyuta. Mfumo unaweza kumwambia mtu 'imehifadhiwa' wakati haijahifadhiwa?"

Nilikuwa nimelala na jibu, nimeamka nalo, nimelipanga njia nzima kwenye basi. Nikafungua mdomo, nikamwona Mkuu anabonyezabonyeza kalamu. Nikasema:

"Ulivyotengenezwa, hauwezi."

Kila neno ni kweli. Ungeweza kuniapisha.

Mama Picha akageuka kunitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetaka kujua kitu na amefika kwa anayekijua. Kisha akamgeukia mwenyekiti, akasema taratibu: "Kama fundi anasema hauwezi, basi labda ni mimi. Labda nilizima. Sikumbuki kuzima, lakini labda."

Wakaandika. Uamuzi watautoa wiki ijayo.



Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia mume wangu. Mezani, binti akiwa kwa jirani. Nilianza na vipande na namba, akainua kiganja kunizuia. "Niambie kama unavyomwambia mtu."

Nikamwambia: niliifanya mashine imdanganye Mama Picha, na jana nikawaambia watu mashine haiwezi kudanganya.

 Nilitegemea ataniambia usijali, ndivyo alivyo, hata gari likipata ajali anasema usijali. Akasema: "Na yeye ameshalijua hili?"

Hapana.

"Basi mimi siyo niliyetakiwa kuambiwa kwanza." Akaondoa vyombo, akaviosha mwenyewe. Baadaye akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akaweka mkono begani. Akauliza kama watanifukuza. Nikasema nadhani. Akasema haya.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda kwake. Saa nne asubuhi. Ghorofa ya pili, ngazi zimeoshwa muda huo huo, nikapita kwa ncha za vidole. Alinifungulia akiwa na pasi mkononi. Akafurahi kuniona, ndilo lililonimaliza. Karibu mwanangu, pita, kaa, toa hiyo mikoba hapo kitini.

Sikukaa. Nikasema yote nimesimama. Februari. Mistari miwili. Makofi ya kikao. Ile Ijumaa asubuhi, mkate wake. Kamati. Sikuweka "kwa bahati mbaya" popote, nilikuwa nimejikataza njiani.

Aliendelea kupiga pasi. Alimaliza mkono wa shati, akaugeuza, akamaliza wa pili. Akazima pasi, akaisimamisha.

"Unajua nimefanya nini siku hizi tano?" akasema. "Nimekwenda dukani, nimerudi kuangalia kama nimefunga mlango. Nimekwenda tena, nimerudi tena. Jana nimempigia simu dada yangu nikamuuliza: dada, mimi nimeanza kusahau sahau? Niambie usinifiche. Dada akalia. Tumelia wote, watu wazima, kwenye simu."

Nikasema nisamehe mama.

"Ngoja kwanza. Nimejiangalia kwenye kioo nikajiambia akili yangu inaondoka. Ningekubali kazi iondoke, kazi ni kazi. Wewe ulikaa pale ukaniacha nishuku kichwa changu mwenyewe."

Nikaondoa ile mikoba kitini ili yeye akae.

Akakaa. Akaifungia mikono mapajani.  Kwa jirani redio ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira.

"Leo sikusamehe," akasema. "Nisikudanganye. Wala sijui kesho." Kisha akauliza: "Hao ambao picha zao hazipo kabisa — ni wangapi?"

Ishirini na nne.

"Na wenyewe wanajua?"

Hapana. Hajaambiwa mtu. Seremala tu, na yeye hajaambiwa kwa nini.

"Niletee majina."

Jumatatu, 16 Juni

Saa mbili kamili nilimpa Mkuu barua. Kurasa mbili, na tarehe zote, na ile mistari nimeinakili kama ilivyokuwa, na maneno yangu ya pembeni. Nakala kwa mwenyekiti wa kamati. Mkuu alisoma amesimama. Akafika sehemu ya "fanya unavyojua", akairudia, nilimwona macho yakirudi juu.

Akauliza: nani mwingine ameiona? Nikasema Mama Picha, na ya mwenyekiti iko tayari mezani kwake. Akavua miwani. Alisema jambo hili lingeweza kuzungumzwa vizuri zaidi humu ndani, kwa utaratibu, mtandao wenyewe ulikuwa mbovu, kampuni iliyofunga nyaya nayo ina lake. Angenisaidia. Sauti yake ilikuwa na huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, ndipo nikaona jinsi ilivyo rahisi. Dakika mbili zaidi ningekubali.

Nikasema zimepotea picha ishirini na nne, naomba ruhusa niwapigie wenyewe. Akasema hilo si kazi yako. Nikasema najua. Akakaa, akaniambia kwa kuwa kesho kutwa kamati itakutana juu yangu, leo bado ni mfanyakazi, nifanye — Hakumalizia.

Simu ya mezani ya mapokezi ya eksirei. Mama Picha amekuja, bila koti jeupe, barua ya kumrudisha bado haijaandikwa. Hajaniambia lolote zaidi ya "sogea". Amekaa pembeni yangu na mkoba mapajani, ana orodha na kalamu. Anawakumbuka. Siyo majina tu. Huyu alikuja na mtoto mgongoni, anasema. Huyu alikuwa na kikohozi cha asubuhi. Huyu alikataa kuvua mkufu mpaka nikaushika mimi. Miezi minne, watu maelfu wamepita mbele yake, na anawakumbuka hawa.

Tulikubaliana maneno. Mimi ndiye ninayesema, nataja kazi yangu, nasema picha yako imepotea, kosa ni langu, njoo upigwe nyingine, kama daktari wako ameamua jambo kwa kutegemea kuwa ipo, mwambie haipo. Mpishi wa shule alisema ahsante kwa taarifa, kama nimemwambia habari za mvua. Mama mmoja alinitukana, na alitukana kwa ufundi. Mmoja aliniuliza mara tatu kama ana ugonjwa, nikasema sijui, na Mama Picha akachukua simu, akaongea naye mpaka akatulia, akanirudishia bila kunitazama. Wawili hawapatikani. Mmoja alipokea mwanawe. Alisema baba alifariki mwezi wa nne. Nikauliza kwa ugonjwa gani. Akasema wewe unaniuliza mimi? Nikasema pole. Akakata. Mama Picha ameandika msalaba mdogo mbele ya jina lake, watu wa foleni wanatuchungulia.

Sasa ni wa kumi na moja. Saa nane na nusu. Naandika simu ikiwa begani. Mwanaume, fundi wa kusaga nafaka, picha ya 3 Machi. Ya 3 Machi ilifutwa mapema, siyo zile tatu. Najikuta nikihesabu hivyo.

Amepokea. Makelele makubwa, mashine inaunguruma nyuma yake. Nimesema mimi ni nani. Anapaza sauti: "Sikusikii! Nani? Hospitali?" Nimerudia. "Subiri, nizime mashine. Usikate."

Nasubiri. Inazimika polepole, ina gurudumu zito inaonekana, sauti inashuka, inashuka. Mama Picha ameweka kalamu juu ya jina lake.

Kimya. Kikohozi. Anavuta kiti.

"Haya, sasa nakusikia vizuri. Ulikuwa unasemaje?"